Ernest Hemingway: Mvuvi wa Burudani katika Bahari ya Waswahili

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezaliwa Tongaren, kati ya Kitale na Bungoma, aghalabu huijua bahari kwanza vitabuni. Kwao samaki ni wa Mto Nzoia, au ni wale wanaoletwa kutoka Ziwa Victoria, na safari ya barabara kutoka huko hadi Mombasa hupita kilomita 800. Hata hivyo, lugha anayoisomea imejaa chumvi: kaskazi na kusi, ngalawa na mashua, ndoana na chambo, maji kujaa na maji kupwa. Maneno hayo hana budi kujifunza kama mgeni ajifunzavyo njia. Kwa sababu hiyo, maisha ya mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway yana jambo la kumfaa. Hemingway naye alizaliwa bara, akajifunza uvuvi katika mito na maziwa, akaijua bahari ukubwani, na hatimaye akaandika mojawapo ya visa vya bahari vilivyosomwa sana duniani.

Jambo la pili ni kwamba Hemingway alifika katika maji ya Kenya mara mbili kwa nia ya kuvua: Malindi mwaka 1934 na Shimoni mwaka 1954. Uvuvi wake ulikuwa wa burudani. Mvuvi wa burudani ni yule aingiaye baharini na ufito na mshipi kumtafuta samaki mkubwa mwenye nguvu ili apambane naye, wala si kwa ajili ya chungu au soko. Kwa jamii nyingi za Afrika Mashariki jambo hilo lina mshangao wake. Ni nini kimfanyacho mtu atumie fedha nyingi na siku nzima ya jua kali kumsaka samaki ambaye hana haja ya kumla? Swali hili ndilo ufunguo wa maisha ya Hemingway. Tofauti iliyopo baina ya mvuvi wa burudani na mvuvi wa riziki ndiyo iliyozaa kazi yake bora, na ndiyo pia inayofichua pengo aliloliacha katika pwani ya Waswahili.

Malezi ya Bara

Ernest Miller Hemingway alizaliwa tarehe 21 Julai 1899 katika mji wa Oak Park, karibu na Chicago, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari iliyo karibu. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari; mama yake, Grace, alikuwa mwanamuziki. Kila kiangazi familia ilihamia katika nyumba yao kando ya ziwa la Walloon, kaskazini mwa jimbo la Michigan. Huko ndiko baba alikomfundisha mwanawe kushika ufito, kutia chambo, kunyamaza na kungoja. Mafunzo hayo yalimkaa. Hadithi zake kadhaa za awali zinahusu kijana avuaye katika mito ya Michigan, na ndani yake uvuvi ni tiba ya moyo uliojeruhiwa.

Majeraha yenyewe hayakuwa ya kubuni. Baada ya kufanya kazi kwa miezi michache katika gazeti la Kansas City Star, ambako alijizoeza kuandika sentensi fupi zisizo na mapambo, Hemingway alijiunga na Msalaba Mwekundu wa Marekani akapelekwa Italia kuendesha gari la wagonjwa. Tarehe 8 Julai 1918, kabla hajatimiza umri wa miaka 19, alijeruhiwa vibaya na kombora karibu na mto Piave. Mwaka 1921 alimwoa Hadley Richardson, wakahamia Paris, naye akawa mwandishi wa gazeti la Toronto Star huku akijifunza kazi ya fasihi. Riwaya ya The Sun Also Rises ilichapishwa mwaka 1926, na A Farewell to Arms mwaka 1929. Alipotimiza miaka 30 alikuwa tayari na jina kubwa. Lakini furaha ya ufanisi huo ilitiwa doa: mwezi Desemba 1928 baba yake, aliyemfundisha kuvua, alijiua. Kivuli cha kifo hicho hakikumwondokea mwanawe hata siku yake ya mwisho.

Kuijua Bahari

Hemingway alianza kuizoea bahari mwaka 1928, alipofika Key West, kisiwa kilicho ncha ya kusini ya Florida. Wakati huo alikuwa amemwoa mke wake wa pili, Pauline Pfeiffer. Uvuvi wa samaki wakubwa kwa ufito ulikuwa mchezo mchanga uliowavutia hasa watu wenye fedha. Ulikuwa umeanza kushamiri Florida, California, New Zealand na Australia. Mwandishi Zane Grey, aliyekuwa mashuhuri kwa riwaya za magharibi ya Marekani, alivua New Zealand katika miaka ya 1920 na mwaka 1936 akapiga kambi Bermagui, katika pwani ya New South Wales, Australia. Maandishi yake yaliwafanya wengi waijue pwani hiyo kwa nduaro na papa.

Katika mchezo huo chombo hukimbia polepole kikiburuta chambo juu ya maji. Nduaro au sulisuli akishambulia, mvuvi huachia mshipi kidogo, kisha hukaza ili ndoana ishike. Kuanzia hapo ni mvutano. Samaki huruka, huzama, hukimbia akichukua mamia ya mita za mshipi. Mvuvi huinama akikunja, huinuka akivuta. Mshipi ukikazwa mno hukatika, ukilegezwa mno ndoana huchomoka. Shindano moja huweza kuchukua dakika chache au saa nyingi. Kwa Hemingway, mwenye moyo wa mashindano, mchezo huo ulikuwa kipimo cha uvumilivu, maarifa na heshima ya mtu mbele ya kiumbe mwenye nguvu kumshinda.

Mwaka 1932 alivuka kwenda Cuba kwa mara ya kwanza kuvua nduaro, akitumia mashua ya rafiki yake Joe Russell. Huko alikutana na watu wa aina nyingine kabisa. Hao walikuwa wavuvi wa vijiji vya karibu na Havana, ambao waliwavua nduaro wale wale kwa mikono mitupu, katika vyombo vidogo, ili wapate chakula na fedha. Wao hawakuwa na kiti cha kukalia wala injini ya kuwafuatilia samaki. Samaki aliyekuwa ushindi kwa mgeni alikuwa kodi ya nyumba na unga kwa mwenyeji. Hemingway aliyatazama hayo na kuyaweka moyoni.

Malindi, 1934

Mwezi Desemba 1933 Hemingway na Pauline walishuka bandarini Mombasa pamoja na rafiki yao wa Key West, Charles Thompson. Gharama za safari zililipwa na ami wa Pauline, tajiri aliyeitwa Gus Pfeiffer. Kiongozi wao alikuwa Philip Percival, mwindaji mzungu aliyeishi Machakos. Waliwinda kaskazini mwa Tanganyika, na mwezi Januari 1934 Hemingway akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akabebwa kwa ndege ndogo hadi Arusha na kisha Nairobi kwa matibabu. Safari hiyo ya angani, iliyopita karibu na Mlima Kilimanjaro, ilimpa mbegu ya hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1936, inayomhusu mwandishi afaye porini huku akijutia yale ambayo hakuyaandika.

Uwindaji ulipokwisha, mwezi Februari 1934, kikundi hicho kilishuka pwani kuvua katika maji ya Malindi. Ulikuwa wakati wa kaskazi, msimu ambao hadi leo wavuvi wa burudani huupendelea, kwa kuwa bahari hutulia na sulisuli hukaribia pwani. Walivua kwa siku chache, kisha Hemingway akapanda meli kurudi kwao. Matokeo ya kifasihi ya siku hizo ni makala ya jarida la Esquire, iliyotoka Machi 1935, kuhusu sulisuli wa upande wa Mombasa. Kwa upande mwingine, miezi ya uwindaji wa bara ilizaa kitabu kizima, Green Hills of Africa, kilichotoka mwaka huo huo wa 1935, pamoja na hadithi fupi mbili ambazo wahakiki wengi huzihesabu miongoni mwa kazi zake bora.

Mizani hiyo inastahili kuzingatiwa. Malindi ya mwaka 1934 ilikuwa mji wa Waswahili wenye historia ya karne nyingi. Wavuvi wake walijua kusoma nyota, mawimbi na rangi ya maji. Walijua msimu wa jodari na wa nguru, mahali pa kutega dema na saa ya kutupa jarife. Mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Lakini Hemingway alikuja na wazungu wenzake, akalala katika makao yao, akavua kwa vifaa vyao na kuondoka. Utawala wa kikoloni ulikuwa umemweka mwenyeji katika nafasi ya mtumishi, na mgeni wa siku chache hakuwa na njia ya kumwona nje ya nafasi hiyo.

Suala la lugha lilikuwa na uzito wake pia. Katika maandishi yake ya Afrika, Hemingway alitumia maneno kadhaa ya Kiswahili, hasa yale ya kambini: majina ya wanyama, maneno ya kuwaitia watumishi, na yale ya kuamrisha. Hicho kilikuwa Kiswahili cha walowezi, kilichotosha kuagiza chai au kuelekeza bunduki. Hakikutosha kumwuliza nahodha wa ngalawa alimpoteza nani baharini, wala kumsikiliza akijibu.

Pilar na Wavuvi wa Cuba

Mara tu aliporejea Marekani mwaka huo wa 1934, Hemingway aliagiza chombo chake mwenyewe kutoka kiwanda cha Wheeler kilichokuwa Brooklyn. Kilikuwa na urefu wa futi 38, nacho akakiita Pilar. Sehemu ya fedha ilitokana na malipo ya mapema ya makala ambazo angeliandikia jarida la Esquire. Katika kiangazi cha mwaka huo aliwakaribisha chomboni wanasayansi wawili wa chuo cha elimu viumbe cha Philadelphia, Charles Cadwalader na Henry Fowler, waliotaka kuwachunguza nduaro wa mkondo wa Ghuba. Fowler alimpa heshima kwa kumtaja katika jina la kisayansi la samaki mmoja, Neomerinthe hemingwayi. Hivyo burudani ya mtu mmoja ilichangia elimu ya wengi.

Burudani hiyo ilikuwa na upande wake wa giza. Mwezi Aprili 1935, akiwa njiani kuelekea kisiwa cha Bimini, Hemingway alijipiga risasi katika miguu yote miwili kwa bahati mbaya alipokuwa akijaribu kummaliza papa aliyenaswa. Huko Bimini alikasirishwa na papa waliowala jodari wakubwa kabla hawajafikishwa chomboni, akawa akiwafyatulia bunduki ya rashasha. Alipenda kupigwa picha kando ya samaki waliotundikwa. Alijisifu, aligombana, na hakupenda kushindwa. Wasifu wa haki hauwezi kuyaficha hayo, kwa kuwa yanaonyesha umbali wa safari aliyoifanya kutoka kwa mvuvi yule mwenye majivuno hadi kwa mhusika mnyenyekevu aliyemuumba baadaye.

Mwezi Aprili 1936, katika Esquire, alieleza kwa aya chache kisa cha mzee wa Cuba aliyemnasa nduaro mkubwa akiwa peke yake, akavutwa hadi mbali baharini, akamshinda, kisha papa wakamla samaki yule akiwa amefungwa ubavuni mwa chombo. Mzee aliokotwa akilia, nusu akiwa amerukwa na akili. Hemingway alikaa na kisa hicho kwa takriban miaka 15 kabla ya kukiandika kama hadithi kamili.

Miaka hiyo haikupita bure. Aliripoti vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania, akaandika For Whom the Bell Tolls mwaka 1940, akamwoa Martha Gellhorn mwaka huo huo, na akanunua shamba la Finca Vigía nje kidogo ya Havana. Katika mwaka 1942 na 1943 alitumia Pilar kusaka nyambizi za Wajerumani, bila ya kuzamisha hata moja. Mwaka 1946 alimwoa mke wake wa nne, Mary Welsh. Wakati wote huo aliishi jirani na wavuvi wa kijiji cha Cojímar. Nahodha wa Pilar, Gregorio Fuentes, alikuwa mtu wa kijiji hicho. Hemingway alizungumza nao kwa Kihispania, akanywa nao, akasikiliza hesabu zao za msimu mbaya. Wahenga walisema kuwa mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko Cuba, Hemingway alikaa hadi siku ya jembe.

Katika kipindi hicho mchezo wenyewe ulipata sheria. Mwaka 1939 Michael Lerner, tajiri Mmarekani aliyekuwa rafiki yake, alishirikiana na wanasayansi wa makumbusho ya viumbe ya New York kuanzisha chama cha kimataifa cha uvuvi wa burudani. Wazo hilo lilisukumwa sana na wavuvi wa Australia, ambao Lerner alizungumza nao alipokwenda kuvua na kufanya utafiti huko. Kanuni zake zilisisitiza kwamba samaki atambuliwe kwa usahihi, apimwe kwa uaminifu, na avuliwe na mtu mmoja bila ya kusaidiwa kuvuta. Hemingway alifanywa makamu wa rais wa chama hicho mwaka 1940.

Mzee na Bahari

Riwaya aliyoichapisha mwaka 1950 ilipigwa vibaya na wahakiki, na wengi walidhani kwamba kisima chake kimekauka. Tarehe 1 Septemba 1952 jarida la Life lilichapisha The Old Man and the Sea kwa ukamilifu wake, na zaidi ya nakala milioni 5 zikauzwa kwa siku mbili. Mwaka 1953 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Pulitzer.

Muhtasari wake ni mwepesi. Santiago, mvuvi mzee wa Cuba, amekaa siku 84 bila kupata samaki. Wazazi wa mvulana aliyekuwa akimsaidia wamemwondoa wakimpeleka katika chombo chenye bahati zaidi. Siku ya 85 mzee anakwenda mbali kuliko wenzake, ananasa nduaro mkubwa kuliko chombo chake, anapambana naye kwa siku tatu, anamuua, na papa wanamla. Anarudi na mifupa.

Wasomaji wengi husifu ujasiri wa Santiago. Hata hivyo, jambo la kina zaidi ni kwamba ndani yake mwandishi aliwaunganisha wavuvi wawili aliowajua. Mapenzi ya Santiago kwa samaki, heshima yake kwa adui, na hamu ya kujipima ni tabia za mvuvi wa burudani. Njaa yake, mikono yake iliyochanwa na mshipi, tanga lake lenye viraka na hesabu ya bei ya nyama sokoni ni mambo ya mvuvi wa riziki. Kwa mwanamichezo, papa ni kero inayoharibu rekodi. Kwa Santiago, papa ni mwizi wa chakula cha miezi. Hemingway asingeweza kuliandika hilo mwaka 1934. Ilimbidi aishi muda mrefu na watu ambao bahari kwao haikuwa mchezo.

Kitabu hicho kina tafsiri ya Kiswahili iitwayo Mzee na Bahari, na anwani hiyo ina somo la tafsiri. Neno la Kiingereza linalotumika katika anwani ya asili hutaja umri tu, na mara nyingine huwa na dharau. Neno mzee linamvika Santiago heshima tangu jaladani: ni mkubwa wa watu, mwenye haki ya kuamkiwa na kusikilizwa. Kijiji kinachomcheka mzee kwa kukosa samaki kinavunja adabu, na msomaji wa Kiswahili hulihisi kosa hilo mapema kuliko msomaji wa Kiingereza. Katika hali hii lugha pokezi imeongeza kitu ambacho kilikuwa tayari ndani ya kisa chenyewe.

Shimoni, 1954

Mwezi Agosti 1953 Hemingway alishuka tena Mombasa, safari hii na Mary. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na vita vya Mau Mau vilikuwa vikiendelea. Percival alitoka katika mapumziko ya uzeeni kuwaongoza. Walipiga kambi Kajiado, hasa Kimana chini ya Mlima Kilimanjaro, na Hemingway akapewa cheo cha heshima cha bwana nyama. Safari hii alijitahidi zaidi kuwakaribia wenyeji wa kambi, hasa Wakamba, na kujifunza maneno ya Kiswahili na Kikamba. Maandishi ya kipindi hicho hayakukamilika. Yalichapishwa baada ya kifo chake, kwanza kwa ufupisho mwaka 1999, kisha kwa urefu zaidi mwaka 2005.

Mpango ulikuwa kumalizia safari kwa uvuvi huko Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Mahali hapo palichaguliwa kwa busara. Mbele ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, watu wa lahaja ya Kivumba, kuna mkondo wa Pemba, ambako maji ya kina kirefu hukaribia nchi kavu na nduaro hupita. Kabla ya hapo, mwezi Januari 1954, Hemingway na Mary walikodi ndege ndogo ya rubani Roy Marsh ili watazame Kongo na Uganda kutoka angani. Tarehe 23 Januari, karibu na maporomoko ya Murchison, ndege ilikwepa kundi la ndege wa porini, ikagonga waya wa simu na kuanguka. Walilala porini, wakaokolewa na mashua iliyowapeleka Butiaba, kando ya Ziwa Albert. Huko walipanda ndege nyingine, nayo ikashika moto ilipokuwa ikijaribu kupaa. Hemingway alivunja mlango kwa kichwa ili atoke. Magazeti ya dunia yalitangaza kifo chake, naye baadaye akawa na nafasi adimu ya kuzisoma tanzia zake mwenyewe.

Aliyekufa magazetini alikuwa hai, lakini hakuwa mzima. Kichwa kilipasuka, uti wa mgongo ukaumia, na ini, wengu na figo zikajeruhiwa. Kwa muda kuona na kusikia kwake kwa upande wa kushoto kulidhoofika. Pamoja na hayo alisafiri hadi Shimoni, kwa kuwa kambi ilikuwa tayari na bahari ilikuwa ikingoja. Bahari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ile ile aliyoiwaza kwa miezi, lakini mwili ulikataa. Wenzake walipokwenda kuvua, yeye aghalabu alibaki kambini. Kisha moto wa nyika ukazuka karibu na kambi. Hemingway alijaribu kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake, akaungua miguuni, kifuani, midomoni na mikononi. Mwandishi aliyeistaajabisha dunia kwa kisa cha mzee asiyekubali kushindwa na bahari aliondoka katika bahari ya Waswahili bila ya kupambana nayo. Mwezi Machi alipanda meli Mombasa kwenda Ulaya. Hakurudi tena.

Mwezi Oktoba 1954 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakwenda Stockholm kuipokea, kwa sababu majeraha ya Uganda na Shimoni yalikuwa bado yakimtesa. Balozi wa Marekani alipokea kwa niaba yake. Nishani yenyewe Hemingway aliitoa kwa watu wa Cuba, ikawekwa katika kanisa la Bikira Maria wa El Cobre. Kitendo hicho kilikuwa ungamo la deni: kazi iliyomletea sifa ilitoka katika maisha ya wavuvi wa nchi ile.

Miaka ya Mwisho

Tangu hapo afya yake ilishuka. Mwaka 1956 alikwenda Cabo Blanco, Peru, kusaidia kupata picha za nduaro wakubwa kwa ajili ya filamu ya kitabu chake. Mwaka 1960 aliondoka Cuba, akaiacha Pilar. Maumivu, shinikizo la damu na huzuni nzito vilimwandama, na kumbukumbu, ambayo ndiyo mtaji wa mwandishi, ikaanza kumpotea wakati wa matibabu ya hospitali. Alfajiri ya tarehe 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum katika jimbo la Idaho, alijiua kwa bunduki, kama baba yake alivyofanya miaka 32 iliyotangulia. Alikuwa amebakiza siku 19 atimize umri wa miaka 62. Alizikwa Ketchum, katika nchi ya milima na mito, mbali na bahari, kama alivyozaliwa.

Hitimisho

Pwani ya Kenya imemkumbuka Hemingway kwa namna yake. Hoteli moja ya Watamu imepewa jina lake, na wavuvi wa burudani huendelea kufika Malindi, Watamu na Shimoni wakati wa kaskazi. Mchezo wenyewe umebadilika. Nduaro na sulisuli wengi sasa hutiwa alama na kuachiliwa, ili wanasayansi wajue wanakopitia na ili kizazi chao kisikatike. Manahodha wengi wa vyombo hivyo ni wana wa pwani, waliorithi kwa wazee wao elimu ya maji ambayo mgeni huilipia.

Kwa upande wa fasihi, hesabu bado haijafungwa. Hemingway alimwona mvuvi wa Cuba kwa sababu alikaa naye zaidi ya miaka 20 na kusema lugha yake. Hakumwona mvuvi wa Malindi wala wa Shimoni, kwa sababu alikuja kama mgeni wa wakoloni, akakaa siku chache, na Kiswahili chake hakikuvuka mipaka ya kambi. Kipaji kilikuwa kile kile, bahari ilikuwa na nduaro wale wale, ila lugha haikuwapo. Ndiyo maana Cojímar ilipata Santiago, na Wasini haikupata mtu.

Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mgeni mwingine mwenye ufito. Litazibwa na anayekijua Kiswahili kwa kina na aliye tayari kukaa hadi siku ya jembe. Huenda akawa mzaliwa wa Wasini aliyekulia katika ngalawa. Huenda pia akawa mwana wa Tongaren aliyeanza kwa kuvua Nzoia, kwa kuwa maisha ya Hemingway yanathibitisha kwamba kuzaliwa bara si kizuizi. Kizuizi ni kuridhika na maneno machache ya kuagizia chai.